Reli ya Borders isiishie Tweedbank

Ndugu Mhariri,

Wanaodhani reli ikishang'olewa ndiyo basi, watazame eneo la Borders, kusini mwa Scotland. Ripoti ya mwaka 1963 ya Dkt. Richard Beeching, mwenyekiti wa shirika la reli la Uingereza, ilipendekeza njia ya Edinburgh hadi Carlisle ifungwe kwa kuwa haikuwa na faida. Ikafungwa Januari 1969. Usiku wa treni ya mwisho, wanakijiji wa Newcastleton walifunga mageti pale barabara inapokatiza reli, wakasimama relini. Polisi wakamkamata mchungaji wao. Ilibidi mbunge David Steel, aliyekuwa abiria, ashuke kuwasihi. Mchungaji akaachiwa, nao wakapisha.

Galashiels, mji uliokuwa kwenye njia hiyo, ukakaa miaka 46 bila treni. Septemba 2015 kipande cha kilomita 48 hivi, Edinburgh hadi Tweedbank, kilifunguliwa upya, na mwaka wa kwanza pekee zikafanyika safari zaidi ya milioni 1. Lakini sehemu kubwa imejengwa njia moja tu. Treni ikichelewa, inayotoka upande wa pili nayo inangoja. Ubahili huo unaniuma. Na Hawick, mji ulio mbele ya Tweedbank na ulioipigania sana reli hii, bado hauna kituo. Serikali iwafikishie watu wake reli.

Msomaji wako,
Edinburgh