Nyasi za bahari zipimwe kabla ya Ghuba ya Manda kuchimbwa tena

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wakazi wa visiwa vya Lamu tumelinyamazia mno tangu habari za fidia zianze kutawala mazungumzo ya barazani, nalo ni hali ya sakafu ya bahari katika Ghuba ya Manda, pale palipochimbwa mchanga na matumbawe ili meli kubwa zipate kina cha kufikia bandari mpya.

Wasomaji watakumbuka kwamba kesi kuhusu ujenzi wa bandari hiyo, iliyofunguliwa mwaka 2012, iliamuliwa na Mahakama Kuu mjini Malindi tarehe 30 Aprili 2018. Mahakama ilikubali kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, kwamba haki yao ya mazingira safi ilikiukwa, na kwamba wavuvi wapatao 4,600 walistahili kulipwa takriban shilingi bilioni 1.76. Nilifurahia uamuzi huo na bado nauheshimu. Hata hivyo, fidia humfikia mvuvi mfukoni, na pale chini ya maji alipokuwa akitega hapafikiwi na shilingi hata moja. Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, mbili zaidi zimekwisha kujengwa, na mpango wa awali ulitaja gati 32. Kwa hiyo suala la kuchimba halijafungwa, na wakati wa kusema ni sasa, kabla mashine hazijarudi.

Asiyezaliwa huku huenda akadhani nyasi za bahari ni takataka zinazosukumwa ufukweni na mawimbi. Mvuvi wa malema, yaani mitego ya samaki ya kusukwa, hadhani hivyo. Maji yakitoka, huenda akachuma mwani, akausokota na kuufunga ndani ya lema kuwa chambo, kisha akaliteremsha lema lake kando ya nyasi na kulibana kwa mawe ili mkondo usilipindue, kwa sababu anajua tafi hula hapo, hukua hapo na kujificha hapo. Kasa naye hulisha humo humo. Nguva, ambaye idadi yake katika maji ya Kenya imebaki ndogo mno, chakula chake ni nyasi hizo, na wazee wetu waliweza kutambua kuwa amepita kwa kuona njia tupu aliyoiacha katikati ya majani, kana kwamba mtu amepitisha jembe. Mnyama huyu huzaa mtoto mmoja tu, tena baada ya miaka kadhaa. Akikosa malisho akahama au akafa, hatujui kizazi gani kitamwona tena.

Madhara ya kuchimba hayaishii pale mashine ilipogusa. Mchanga mzito huzama karibu, lakini tope laini huelea na kubebwa na maji kujaa na maji kupwa hadi mbali na eneo la kazi. Nyasi hizi ni mimea inayohitaji mwanga wa jua kama mahindi yanavyouhitaji shambani, hivyo maji yakikaa na uvurugu kwa majuma mengi, majani hudhoofika hata kama hakuna aliyeyang'oa. Tope likitua juu ya matumbawe huyaziba. Likirundikana kwenye mikoko, hasa mchu, ambao mizizi yake huchomoza juu ya matope kama vidole ili ipate hewa, mti hukosa pumzi na kukauka ukiwa umesimama. Ikumbukwe kwamba zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu.

Jambo linalonisumbua zaidi ni majira. Wakati wa kusi, yaani upepo wa kusini, takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, bahari ya nje huchafuka na vyombo vidogo haviwezi kuvuka miamba, kwa hiyo mvuvi asiye na mashine ya nguvu kubwa hutegemea maji ya ndani ya ghuba na mikono ya bahari kulisha watoto wake. Kuchimba ghuba katika miezi hiyo ni kumfungia mlango wa pekee uliobaki wazi. Ratiba ya kazi ikipangwa ofisini bila kumwuliza nahodha hata mmoja, kosa kama hilo hutokea kwa urahisi sana.

Sheria ipo. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 hakiruhusu mtu kuchimba baharini au katika ardhi oevu bila idhini ya maandishi inayotolewa baada ya tathmini ya athari kwa mazingira, na Ibara ya 42 ya Katiba inatupa haki ya mazingira safi. Ninaloomba ni idhini yoyote ijayo ibebe masharti yanayoweza kukaguliwa. Nyasi, matumbawe na mikoko ya ghuba vipimwe na kuchorwa kwenye ramani kabla ya kazi kuanza, pamoja na wavuvi wanaoijua sakafu hiyo kwa majina ya mafungu yake. Kiwekwe kiwango cha tope ambacho kikipitwa mashine zizimwe siku hiyo hiyo, mapazia ya kuzuia tope yatumike mikondo inaporuhusu, na mahali pa kumwaga kinachochimbuliwa patajwe hadharani. Uchimbaji ndani ya ghuba usifanyike wakati wa kusi.

Siipingi bandari. Vijana niliowafundisha wanahitaji kazi, na baadhi yao wameipata hapo. Lakini mara nyingi ripoti za mazingira huandikwa kwa Kiingereza, kurasa mamia, na kuhifadhiwa mbali na wanaohusika. Vipimo vya tope vya kila juma viandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa Mokowe, Matondoni, Faza na Kizingitini, pale samaki wanapopimwa mizani, ili mvuvi avisome asubuhi kabla hajaamua lema lake alitege wapi.

Mwalimu mstaafu,
Kisiwa cha Pate, Lamu