Zuhura, usinunue nyumba kule

Titusville, Florida
Jumapili, 18 Mei 2025

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum warahmatullah.

Kuna maboksi yako mawili hapa varandani ambayo mama yako hataki yatupwe na mimi sijui niyaweke wapi. Hilo tutalizungumza chini. Ningepiga simu, lakini kila tukifika kwenye jambo hili wewe husema "baba, tushaongea," nami hunyamaza, halafu usiku usingizi hauji. Bora niandike, usome mpaka mwisho, kisha ukasirike ukipenda.

Umeziona khabari za tarehe 2 mwezi huu. Mapendekezo ya bajeti kutoka Ikulu ya Marekani yameandika waziwazi kwamba roketi ya SLS na chombo cha Orion, vya kupeleka watu mwezini, viachwe baada ya safari ya Artemis III, na Artemis II yenyewe bado haijaruka. Wanasema kila kurusha kunakula dola bilioni 4. Na wewe mwezi ujao unakwenda New Orleans, kiwanda cha Michoud, kuanza kazi kwenye matangi ya roketi hiyohiyo. Najua utaniambia Bunge halijapitisha. Kweli halijapitisha, na naomba likatae. Lakini mimi nimewahi kulisubiri Bunge, mama, na najua kusubiri kule kunavyomla mtu.

Kwa hiyo nasema tena: usinunue nyumba kule. Panga. Hata ukute nyumba nzuri ya bei nafuu, hata wenzako wote kazini wawe wamenunua, wewe panga.

Usidhani sifurahii. Ijumaa iliyopita nje ya msikiti nimemwambia hata mtu nisiyemjua jina kwamba binti yangu ni mhandisi, anakwenda kuunga matangi ya roketi kwa msuguano, alumini inaungana bila kuyeyuka. Akaniuliza inawezekanaje. Nikamweleza kama ulivyonieleza wewe, nikakosea katikati, nikarudia. Alisikiliza mpaka mwisho, Mungu amlipe.

Babu yako hukumwahi, ila shati lake la kaki umeliona. Alikuwa dereva wa lori katika kituo cha Wamarekani cha Tunguu, Unguja, kilichokuwa kikiwasiliana na vyombo vya Mercury, vya kwanza vya Marekani kubeba watu angani, vikipita juu ya Afrika kuelekea Bahari ya Hindi. Tarehe 20 Februari 1962, mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, Tunguu ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyozungumza naye. Babu hakuwahi kuingia chumba cha redio. Alikuwa nje na lori lake, lakini siku hiyo aliisimulia mpaka anakufa. Mjini watu waligawanyika. Wapo waliosema pale ni pahala pa makombora, kwamba Unguja itakuja kupigwa bomu kwa ugomvi wa wakubwa, na babu akaitwa kibaraka na jamaa zake mwenyewe. Mei 1963 Gordon Cooper akaruka safari ya mwisho ya Mercury, mizunguko 22. Januari 1964 yakaja Mapinduzi, na mwaka huohuo kituo kikafungwa. Babu akaenda bandarini kubeba magunia ya karafuu. Jina la kibaraka likabaki, mshahara haukubaki. Nilikuwa na miaka sita, na ninachokumbuka ni mikono yake ikinuka karafuu badala ya dizeli.

Mimi, mtoto wa mtu huyo, nilipaswa kujua. Tarehe 14 Januari 2004 Rais Bush alitangaza mbele ya dunia nzima kwamba Shuttle, vile vyombo vya anga vyenye mabawa nilivyokuwa nikivifanyia kazi, zitastaafishwa 2010, kazi ya kujenga kituo cha anga ikimalizika. Nilipewa miaka sita ya kujiandaa. Tukaambiwa inakuja Constellation, safari za mwezini, na mimi nikaamini kwamba mtu anayejua kubandika vigae vya kukinga chombo na joto atahitajika milele. Mwaka 2006 nikanunua nyumba, bei zikiwa juu kuliko nilivyowahi kuziona mtaani kwetu. Februari 2010 ikaja bajeti ya Rais Obama, Constellation haimo. Nayo ilianza hivihivi, kwa waraka wa bajeti. Hapa mjini tulisema Bunge halitakubali. Na kweli Bunge lilipigana: likaiokoa Orion, na SLS hii unayoiendea ikazaliwa katika mapatano yale. Lakini watu wa vigae hatukuwemo kwenye mapatano. Hicho ndicho ninachotaka ukione, Zuhura. Programu inaweza kuokolewa na wewe usiokolewe.

Ile asubuhi ya Julai 2011 Atlantis, Shuttle ya mwisho, ilipopaa, kando ya mto ulikuwepo, sina haja ya kukusimulia. Kutua hukukuona. Tarehe 21, saa kumi na mbili kasoro dakika tatu alfajiri, Atlantis ilishuka gizani, safari ya 135 na ya mwisho. Baadaye ikavutwa kurudi bandani na sisi tukaisindikiza kwa miguu, mamia ya watu, kama watu wanaopeleka maiti makaburini. Kulikuwa na mzee aliyekuwepo tangu Shuttle ya kwanza, Columbia ya 1981. Alikuwa akilia bila kujifuta. Siku iliyofuata wengi wetu tulirudisha vitambulisho. Kazi zaidi ya 7,000 zilikwenda katika kituo kile cha Kennedy peke yake.

Watu wa mbali walisikitika wiki moja, kisha wakaendelea na mambo yao. Wengine walisema afadhali, chombo kilikuwa ghali na kimeua watu 14, saba wa Challenger na saba wa Columbia. Siku zile nilikuwa tayari kugombana na yeyote anayesema hivyo. Leo sigombani. Kukifunga halikuwa kosa. Kosa ni kufunga mlango kabla ya kujenga mwingine. Baada ya Apollo, programu ya kwenda mwezini, kwisha, tangu Julai 1975 mpaka Aprili 1981, hapakuwa na Mmarekani aliyeruka kuizunguka dunia na chombo cha Marekani. Baada ya Atlantis, mpaka tarehe 30 Mei 2020. Miaka tisa kasoro tukinunua viti kwa Warusi, bei ikipanda mpaka kiti kimoja kikapita dola milioni 80. Pengo kama hilo kwenye vitabu ni mstari mmoja tu. Hapa Titusville lilikuwa watoto waliohamishwa skuli katikati ya mwaka. Wewe mwenyewe ulikuwa mmoja wao.

Siku ile ya 2020 Dragon, chombo cha kampuni ya SpaceX, iliporuka, nilikuwa dukani nikipanga mbao. Nilitoka nje kwenye maegesho, nikaiona, nikapiga takbiri kwa sauti. Doug Hurley, aliyekuwa rubani wa Atlantis ile ya mwisho, ndiye aliyekuwa ndani ya Dragon pamoja na Bob Behnken. Na kile kibendera ambacho Hurley na wenzake walikiacha kituo cha anga 2011, ambacho kilikuwa kimeruka na Columbia safari ya kwanza kabisa, wakarudi nacho nyumbani. Nilifurahi, wallahi. Kisha nikarudi kupanga mbao, maana nilikuwa na miaka 62 na hapakuwa na kazi ya vigae kwa mtu wa umri huo.

Sasa Michoud. Hapa kuna jambo nililopaswa kukwambia siku ulipopata barua ya kazi, badala ya kunyamaza vile mpaka mama yako akanikanyaga mguu chini ya meza. Lile povu gumu lililolipasua bawa la kushoto la Columbia, mpaka ikaangamia 2003, lilitoka kwenye tangi la nje, na matangi yale yalitengenezwa Michoud. Kwa miaka mingi niliwatupia lawama watu wa kule, na wewe ulinisikia nikisema maneno mabaya juu yao mbele ya wageni. Halikuwa neno la haki. Vyombo vilikuwa vikirudi kila safari na makovu kwenye vigae. Mimi nimeyahesabu kwa mkono wangu. Tuliyapima, tukayaziba, tukabadilisha vigae vilivyoharibika, tukaandika kwenye fomu, na chombo kikaruka tena. Baada ya mara ya ishirini kovu linakuwa ni kazi ya kawaida ya Jumatatu. Sikuwa bosi, hapana, lakini macho nilikuwa nayo.

Kwa hiyo ukiona kitu kwenye mshono, kiandike, na wakikwambia "hata kwenye tangi lililopita kilikuwepo," ndipo ukae imara zaidi. Usije ukawa mpole. Upole huo umeutoa kwangu.

Na uwaheshimu wazee wa pale. Kimbunga Katrina kilipopiga 2005, kikundi kidogo chao kilibaki ndani ya kiwanda kikisukuma maji kwa pampu ili matangi yasizame, huku nyumba zao wenyewe ziko kwenye mafuriko. Tangi lao la mwisho lilitoka 2010, na barua za kupunguzwa waliziona kabla yetu. Kabla yao pale walikuwepo waliojenga sehemu ya kwanza ya Saturn V, roketi ya Apollo, nao waliisha hivyohivyo baada ya safari tatu za Apollo kufutwa. Waulize. Waulize walikuwa na akiba ya miezi mingapi.

Akiba yako iwe ya miezi 12. Sisemi sita, maana mimi nilikuwa na mitatu. Cheti chako cha kulehemu usikiache kikaisha muda kwa sababu sasa unaitwa mhandisi. Wakija watu wa kampuni nyingine kukuuliza habari, wajibu kwa adabu na uchukue namba zao. Mimi mwaka 2008 nilipigiwa simu na watu wa ndege kutoka Texas nikawaambia nina kazi ya maisha. Mama yako alikuwa jikoni akisikia. Mwaka 2009 aliniomba tuuze nyumba tungali tunaweza, nikamjibu neno ambalo siliandiki hapa. Hajawahi kunikumbusha mpaka leo, hata ile miaka alipokuwa akifanya kazi zamu mbili kwa wazee.

Usinunue nyumba, Zuhura.

Mkopo wako wa chuo ungekuwa nusu ya ulivyo sasa. Ile akaunti yenye jina lako, ambayo mama yako aliitilia kila mwezi tangu hujaanza kutambaa, ililipa benki kuanzia Machi mpaka Oktoba 2012, na nyumba ikaenda vilevile. Hukuwahi kuuliza. Basi zile dola 200 ninazokuwekea kila mwezi usizirudishe tena kama ulivyofanya Aprili. Zikae hapo.

Mwaka jana uliponipeleka kuiona Atlantis kwenye jumba lake, uliniuliza mbona sisemi kitu. Imening'inizwa imelala upande, milango ya mgongoni wazi kama iko angani, na watu wanapita chini yake wakipiga picha. Nilikuwa nikitafuta safu moja karibu na gurudumu la mbele. Kila kigae kina namba yake, vipo zaidi ya elfu ishirini, na hakuna anayekumbuka vyote. Vile nilivyovitafuta nilivipata. Gundi bado imeshika. Nilitaka kukwambia pale pale lakini kulikuwa na darasa zima la watoto nyuma yetu.

Mambo ya nyumbani sasa. Msimu wa vimbunga unaanza tarehe 1 Juni. Mbao za madirisha nimezipaka rangi na kuziandika namba, ila mgongo hauniruhusu kupanda ngazi, kwa hiyo kijana wa jirani atanisaidia. Huko unakokwenda ni bonde kuliko huku: usipange chumba cha chini, na gari usiliache na tangi nusu. Mndimu umezaa sana mwaka huu, mama yako ametengeneza achari chupa nane, mbili ni zako. Shangazi yako wa Fuoni amepiga simu, tangi lake la maji juu ya paa limepasuka, nimemtumia kidogo, ukiweza ongeza na wewe ila usimwambie zimetoka kwako maana atakataa. Maboksi yako nimeyafungua ili nijue yana nini. Ni madaftari ya skuli na ile miamvuli ya karatasi ya kurushia mayai. Nayaweka kabatini chumbani kwako.

Tishari linaloleta matangi kutoka Michoud linafunga karibu na jengo kubwa la kuunganishia roketi, na kutoka upande wetu wa mto jengo lile linaonekana vizuri. Tangi lolote utakaloshika wewe likianza safari ya kuja, nijulishe siku. Nitakwenda kukaa pale na kiti changu.

Mama yako anauliza madirisha ya pale utakapopanga yana urefu gani na upana gani. Kitambaa cha mapazia ameshakinunua, rangi ya manjano. Nimemwambia asikate mpaka upate nyumba ya kupanga, lakini cherehani ameshaitoa. Pima vizuri, kwa inchi, na unitumie mimi, maana yeye namba za simu yake huwa hazioni.

Baba'ko