Barua ya wazi kwa Meya wa Johannesburg: mwenyeji wa jiji lako ni nani?

Mheshimiwa Meya,

Salaam kutoka Tanzania. Naandika kwa cheo chako, wala si kwa jina. Tangu 2016 kiti hicho kimekaliwa na watu wengi mno, na nachelea barua isije ikakukuta umeshamwachia mwenzako. Ninayoyasema yanamhusu yeyote atakayekikalia.

Mwaka 2025 vikundi vya watu, maarufu kuliko vyote Operation Dudula inayopinga wahamiaji, vilijipanga kwenye milango ya zahanati na hospitali za umma jijini kwako na kwingineko, vikimdai kitambulisho kila aliyekuja kutibiwa. Mwenye kitambulisho cha Afrika Kusini alipita. Asiye nacho aliambiwa arudi alikotoka, hata kama ni mjamzito au amebeba mtoto mwenye homa. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ya Johannesburg ikawapiga marufuku, ikasema kazi ya kumdai mtu karatasi zake si ya raia wa kawaida. Mahakama imeshasema yake. Mimi nataka tuzungumzie hiyo karatasi, maana katika Afrika nzima sidhani kuna jiji lenye sababu ya kuiogopa kuliko lako.

Johannesburg ni jiji changa. Kweli, Watswana walikuwa wakiyeyusha chuma kwenye vilima vya Melville karne nyingi kabla, lakini jiji lenyewe lilizaliwa 1886, dhahabu ilipoonekana katika shamba la Langlaagte. Halina bandari, halina mto wa maana; hakuna kilichowaita watu pale ila mwamba ule. Miaka kumi baadaye palikuwa na watu kama laki moja. Wachimbaji walitoka Cornwall, Wayahudi wakatoka Lithuania, wafanyabiashara wa Kihindi wakapanda kutoka Natal, na Wasotho, Wapedi, Wazulu na Waxhosa wakashuka na kupanda kutoka kila upande. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Johannesburg haikungoja hata hiyo siku ya tatu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Wamsumbiji peke yao walikuwa zaidi ya nusu ya vibarua weusi wa migodini. Kati ya 1904 na 1910 waliletwa Wachina wapatao 63,000, kisha wakarudishwa kwao. Halafu kuna Wenela, shirika la wenye migodi lililozunguka kusini yote ya Afrika kuandikisha vibarua. Mbeya na Tukuyu jina hilo halihitaji maelezo. Vijana wetu walipandishwa ndege, wengi kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani, wakashushwa chini ya ardhi ya jiji lako, hadi Tanganyika ilipopata Uhuru na kuufunga mlango huo. Malawi ilisitisha 1974, baada ya ndege ya Wenela kuanguka Francistown, Botswana, na kuua wachimbaji zaidi ya 70. Hivyo nikisikia kwamba wageni "wamevamia" Johannesburg, huwa najiuliza nani aliwatumia nauli.

Nisichokisikia kabisa kwenye mikutano ya siasa ya huko ni hiki: kwa sehemu kubwa ya maisha ya jiji hili, sheria haikuwa na haja kubwa ya kumtofautisha Mmalawi na Mzulu. Wote walikuwa wapita njia. Sheria ya maeneo ya mijini ya 1923 ililifanya jiji kuwa la Mzungu, na Mweusi akawa ndani yake kwa muda ambao Mzungu alimhitaji. Baadaye kanuni zikakaza zaidi: kama hukuzaliwa mjini na kuishi humo mfululizo, au hukumtumikia mwajiri mmoja miaka kumi, au hukuishi humo kihalali miaka kumi na mitano, ulikuwa na saa 72 tu. Mwaka 1970 ikaja sheria iliyowafanya Weusi wote wa Afrika Kusini kuwa raia wa vijimaeneo vya kikabila. Kimojawapo, Transkei, kilipotangazwa "huru" 1976, kijana wa Kixhosa aliyezaliwa Orlando, Soweto, akasoma Orlando, akacheza mpira Orlando, aliamka akiwa raia wa nchi ambayo pengine hajawahi kuikanyaga. Mgeni wa kwanza wa kisheria Johannesburg, Mheshimiwa, hakutoka Harare wala Lagos. Alikuwa babu wa wapiga kura wako.

Niruhusu nisimame kidogo Mtaa wa Albert, namba 80. Jengo hilo la ghorofa lilijengwa miaka ya 1950, likawa ofisi ya pasi, yaani kile kitabu cha ruhusa alicholazimika kutembea nacho Mweusi. Mwanamume mweusi aliyetaka kazi mjini alipanga foleni pale. Akibahatika aligongewa mhuri wa kukaa. Asipobahatika, wa kuondoka. Aliyekamatwa mtaani bila kitabu chake, au kitabu kikiwa hakina sahihi ya mwajiri, alilala mahabusu. Mfumo huo wa pasi ulifutwa 1986. Jengo likabaki mikononi mwa jiji, likafanywa kimbilio la wanawake na watoto waliokimbia vipigo majumbani. Kisha likaachwa. Wajanja wakaliteka, wakaanza kutoza kodi ya nyumba isiyo yao, na wapangaji wakagawana sakafu kwa mbao na mapazia hadi kukawa na vyumba juu ya vyumba.

Usiku wa kuamkia 31 Agosti 2023 jengo likashika moto. Zaidi ya watu 70 walikufa, watoto wakiwemo. Walikuwamo Wamalawi, walikuwamo Watanzania, na walikuwamo raia wa Afrika Kusini. Majivu hayajapoa, baadhi ya viongozi wakaanza kuwalaumu wageni, pamoja na mashirika yanayowatetea maskini mahakamani wasifukuzwe katika majengo. Tume ya jaji mstaafu Sisi Khampepe ilipomaliza kazi yake 2024, kidole kilielekea kwingine: jengo ni la jiji, na jiji lilikuwa likijua hali yake kwa miaka kadhaa bila kuchukua hatua.

Sijui kama kuna anwani nyingine barani Afrika inayosimulia habari nzima namna hii. Aliyepanga foleni pale mwaka 1960 na aliyelala pale 2023 walikuja mjini kwa shida ileile, wakakuta jiji linataka mikono yao lakini halitaki kujua watalala wapi. Mmoja alikuwa Mpedi, mwingine labda kijana wa Mbeya. Katika foleni ya Mtaa wa Albert tofauti hiyo isingewasaidia hata kidogo.

Mei 2008 fujo dhidi ya wageni zilipoanzia kitongoji chako cha Alexandra na kusambaa, waliouawa walikuwa 62. Kati yao 21 walikuwa raia wa Afrika Kusini. Theluthi nzima! Baadhi ya waliosakwa walikuwa Wavenda na Washangaan, watu wa kaskazini ya nchi hiyohiyo, waliopimwa kwa lafudhi na kwa weusi wa ngozi wakaonekana hawatoshi. Ndivyo karatasi inavyofanya kazi ikishatoka mikononi mwa sheria ikaingia mikononi mwa umati: huanza na wa mbali, kisha ikamfikia jirani.

Sitaki kujifanya mtu wa mbali anayehubiri. Najua ukosefu wa ajira nchini kwenu umepita asilimia 30, na mama wa Alexandra anayepanga foleni ya dawa tangu alfajiri akaambiwa zimekwisha ana haki ya kukasirika. Maji yanakatika, majengo yametekwa, wahalifu wapo, na baadhi yao ni wageni, hilo halina ubishi. Ila Sensa ya 2022 ilihesabu wahamiaji wapatao milioni 2.4 kati ya watu milioni 62 nchi nzima. Waondoke wote kesho asubuhi, mabomba yaliyochakaa ya Johannesburg yataendelea kuvuja yakiwa na wateja wachache zaidi wa kulipia maji. Wengi wanaohamia Gauteng, jimbo lilipo jiji lako, wanatoka Limpopo, Eastern Cape na majimbo mengine ya humohumo. Ukiisha kuwazoesha watu kwamba foleni ni kosa la aliyekuja nyuma, nao hao watafikiwa.

Nenda Mtaa wa Jeppe, ambao siku hizi rasmi ni Rahima Moosa, siku isiyo na kamera. Yale majengo yaliyokuwa na ofisi za madaktari, Medical Arts likiwa mojawapo, yalianza kubaki matupu madaktari na wateja wao walipohamia vitongoji vya kaskazini. Wahabeshi wakaingia. Chumba alichokuwa daktari mmoja anapima presha kikakatwa fremu tatu au nne, kila moja imejaa mablanketi, jinzi na viatu hadi darini, na korido ikawa mtaa wa maduka. Wateja wanakuja kwa basi kutoka Zimbabwe, Zambia, Malawi na Msumbiji, wananunua kwa jumla, wanafunga marobota, wanarudi kuuza. Ukihesabu mwenye jengo, wapagazi, mama lishe, mabasi na nyumba za kulala wageni, utaona ni Waafrika Kusini wangapi wanakula kutokana na korido hizo. Kuna bidhaa bandia humo? Zipo, na zikaguliwe. Lakini sehemu ya mji iliyokuwa inakufa ilifufuliwa na watu ambao hakuna aliyewaalika, na hawakulidai jiji hata senti ya kuanzia.

Huku kwetu, jambo likitokea huko "Sauzi", watu hukimbilia kudai deni: tuliwapa wapigania uhuru wenu kambi Kongwa, tukawapa shule Mazimbu, watoto waliokimbia Soweto baada ya 1976 wakasomea Morogoro, leo mnatufukuza! Sipendi hoja hiyo. Ukarimu unaodaiwa kwa risiti unakuwa mkopo, na kijana wa Alexandra aliyezaliwa 2001 hakukopa chochote Morogoro. Isitoshe hatuna usafi wa kutamba nao. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliwaondoa kwa nguvu watu waliokuwa wameishi Kagera na Kigoma miaka mingi, na Julai 2025 serikali yetu ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara ndogo kadhaa. Nakala ya barua hii, ukipenda kujua, naipeleka Dodoma.

Kwa hiyo sidai deni. Nakumbusha tu jambo ambalo watu wako wengi huenda hawalijui: sauti ya wimbo wetu wa taifa ilitungwa jijini kwako. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu aliyetoka Eastern Cape kufundisha karibu na Johannesburg, na mwaka 1897 akatunga ule wimbo ambao leo nyinyi mnauimba kwa lugha zenu na sisi kwa Kiswahili. Alikuwa mhamiaji wa kawaida, mmoja wa maelfu. Amezikwa Braamfontein, na kaburi lake lilikuwa limesahaulika hadi lilipotambuliwa na kutangazwa rasmi 1996.

Uhamiaji ni kazi ya serikali kuu, hilo nalijua. Mpaka wa Beitbridge, wa kuingilia kutoka Zimbabwe, hauko chini yako. Naomba yaliyo mkononi mwako tu. Zahanati nyingi za jiji ziko chini ya ofisi yako, na polisi wa jiji ni wako. Amri ya mahakama ya Novemba 2025 ina nguvu pale tu ambapo askari aliyesimama mlangoni anajua afanye nini kikundi kikitokea saa kumi na mbili asubuhi. Wape maelekezo ya maandishi, uyabandike ukutani wagonjwa wayasome.

Kuhusu Mtaa wa Albert, tume ilipendekeza jengo libomolewe na kumbukumbu ya waliokufa iwekwe. Naomba kumbukumbu hiyo itaje pia ofisi ya pasi, katika bamba hilohilo. Na kabla ya bamba, toa orodha ya majengo mengine ambayo jiji linayamiliki na watu wanalala humo bila maji wala njia ya kukimbilia moto. Orodha hiyo mnayo, au mlipaswa kuwa nayo.

La mwisho ni wamachinga. Oktoba 2013 jiji liliwafagia maelfu ya wauzaji wa barabarani, raia na wageni kwa pamoja, wenye vibali na wasio navyo, hadi Mahakama ya Katiba ilipowarudisha Desemba mwaka huohuo. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Rufani ikaamua kwamba wakimbizi na waomba hifadhi wana haki ya kuomba leseni za biashara. Na bado kila uchaguzi wa serikali za mitaa ukikaribia, wanasiasa wanaahidi kuifagia tena mitaa, kana kwamba hukumu hizo hazikuandikwa. Naomba ofisi yako itangaze hadharani maeneo ya kuuzia ni mangapi, ada ni kiasi gani, maombi yanajibiwa ndani ya muda gani, na karatasi zipi zinatosha kwa mwenye hati ya ukimbizi. Mwuzaji wa Kizulu na mwuzaji wa Kisomali wanaopakana wakijua kanuni ni moja na ada ni moja, hakuna atakayehitaji kununua ulinzi kwa askari wala kwa kikundi.

Wasalaam,
Mtanzania, msomaji wa historia ya jiji lako