Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mwaka tuliomaliza skripti

Ndugu wanachama wa kikundi chetu cha waandishi wa filamu hapa Mbeya, kamweneni wote wa Iringa na Njombe, na wenzangu wa Rungwe na Kyela ndaga fijo kwa kuniamini mwaka mwingine. Naandika hii kwa mliokuwepo kwenye mkutano wetu pale Soweto na kwa wale mliokwama kwenye foleni ya malori Inyala mkafika tumeshafunga, msije mkasema mwenyekiti kaongea na waliowahi tu.

Nianze na kubwa. Mwaka huu wanachama saba wamemaliza skripti. Nasema WAMEMALIZA, yaani kuanzia sini (tukio la sehemu moja kwenye filamu) ya kwanza mpaka ya mwisho, imechapwa, imesomwa kwa sauti, imerekebishwa na imesomwa tena. Saba. Mwaka jana alimaliza mtu mmoja tu na wote mnakumbuka tulivyomshangilia kama karudi na kombe.

Kwa nini nalisema hili kwanza? Kwa sababu mnajua tulikotoka. Sisi tulikuwa kikundi cha stori. Mtu anakuja na stori kichwani anaisimulia inanoga kweli kweli, tunacheka, wengine machozi yanawatoka, alafu saa kumi na mbili imefika kila mtu anawahi daladala la Uyole au bajaji ya Mwanjelwa na stori inabaki kichwani hivo hivo, mwezi unaofuata anakuja na nyingine. Tulikaa hivo miaka na nilikuwa naumia sana, maana vipaji nilikuwa naviona ila kitu cha kumpa mtu mkononi hamna.

Januari tukakubaliana hakuna kusimulia tena, ni kusoma. Kila baada ya wiki mbili unaleta kurasa 5, herufi za Courier saizi 12, kila sini imeandikwa juu kama ni ndani au nje, mchana au usiku. Wengine walilalamika kwamba hayo ni mambo ya fomati tu. Sio fomati tu. Ukiipanga hivo ukurasa mmoja unakuwa kama dakika moja kwenye skrini, kwa hiyo mwandishi anajua kabisa kaandika filamu ya dakika ngapi na prodyuza naye anajua, hakuna kubahatisha. Kurasa 5 kila wiki mbili kwa mwaka ni 130, na filamu ndefu ya kawaida inaishia 90 mpaka 110 hivi, maana yake hata ukikosa vikao vinne kwa sababu ya shamba au msiba bado unamaliza. Hesabu ndo imetubeba mwaka huu.

Sasa nataka niwasimulie kikao kimoja, kwa ajili ya wa mbali ambao hamkuwepo. Ilikuwa Julai, baridi ile mnayoijua ya kwetu, umeme umekatika, tumezunguka jiko la mkaa tunasoma kwa tochi za simu. Zamu ilikuwa ya dada yetu wa Kyela, yule ambaye siku zote tunamkuta sokoni na mchele wake. Skripti yake ni ya mama anayesubiri mume aliyeenda Zambia kwa treni ya TAZARA, kaenda huko Kapiri Mposhi mwisho wa reli, kilomita 1,860 kutoka Dar, na amekaa miaka sita bila barua wala simu. Siku moja mume anashuka stesheni ya Mbeya. Kwenye kurasa zile za kwanza yule mama alikuwa anaongea karibu ukurasa mzima, miaka sita nimeteseka, watoto wamekua hawakujui, majirani wamenicheka, yaani kila kitu anakitapika pale pale. Tukasoma, dada mmoja anasoma mama na mzee wetu mstaafu wa reli anasoma mume, ambaye wala hana maneno, anasikiliza tu.

Mzee akaishusha karatasi. Akasema, "Mwanangu, mimi nimefanya kazi pale stesheni miaka mingi, nimewaona wake za watu wakipokea waume zao. Mwanamke hasemagi hivi. Anaangaliaga mizigo kwanza."

Hakuna aliyeongeza kitu, tukaendelea na zamu nyingine. Wiki mbili baadae dada karudi, ule ukurasa wote kaukata. Mume anashuka na kimfuko kimoja cha rambo. Mama anamwangalia viatu, anaangalia kile kimfuko, anauliza, "Mzigo wako ni huo tu?" Basi. Sini imeisha, treni inaondoka. Jamani kile chumba kilinyamaza mpaka unasikia mkaa unavyolia kwenye jiko. Mimi katika vikao vyote nilivyowahi kukaa sijaona somo la uandishi zuri kama lile, na hakuna mwalimu aliyetoka Dar kuja kutufundisha, limetoka kwa mzee wa reli na muuza mchele.

Na hapo hapo niseme la lugha. Mtu wa Mwanjelwa kwenye skripti zenu aongee kama mtu wa Mwanjelwa. Tulikuwa na ugonjwa wa kuandika kila mhusika anaongea kama kazaliwa Kinondoni, eti ndo Kiswahili cha filamu. Mwaka huu nimeanza kusikia "anasemaga" na "tunaendaga" kwenye dayalogi zetu na nimefurahi sana, msiache, dairekta akiwaambia mfute muulizeni kwanza kwa nini.

Mafanikio mengine. Kaka yetu wa Tukuyu filamu yake fupi imepigwa, dakika 14, lokesheni karibu na Daraja la Mungu kule Kiwira. Aliandika sini tatu za jua kali, na nyie mnaijua Tukuyu na mvua zake, siku ya kwanza maji, ya pili maji, hela ya kukodi kamera inaisha. Usiku ule akakaa akaandika upya sini zote tatu ziwe za mvua, wahusika wakawa wamejibanza chini ya migomba wanagombana huku wanagusana mabega. Nimeiona. Sini ile ya migomba ndo roho ya filamu nzima sa hivi.

Mdogo wetu wa Chunya ameandika epsodi mbili za tamthilia moja inayotengenezwa Dar, kalipwa, na jina lake limetoka mwishoni. Tulikusanyika kwao kuangalia. Jina lilipita haraka mno, mama yake akawa analia anasema rudisheni nyuma nimwone mwanangu, na ilikuwa live hairudi, wiki iliyofuata tukaenda tena na simu tukaipiga picha ile skrini. Ile picha ameiweka kwenye fremu ukutani.

Mwalimu wetu wa Iringa yeye kamaliza skripti ya Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Nilikuwa na wasiwasi nayo, sitaficha, kwa sababu kila anayemgusa Mkwawa anaanzia vita ya Lugalo 1891 na mashujaa na mikuki na mamia ya askari, filamu ambayo hakuna mtu wa huku anaweza kuilipia. Mwalimu hakufanya hivo. Yeye kaanzia 1954, fuvu la Mkwawa lilipoletwa Kalenga kutoka Ujerumani, na anayeangalia yote ni mtoto wa kike kajibanza katikati ya miguu ya wakubwa, haoni fuvu, anaona nyuso za watu wanaoliona. Vita vyote vya Wahehe vinakuja kupitia bibi anayemjibu maswali njiani wakirudi nyumbani. Inawezekana kupigwa kwa hela ndogo na inachoma moyo kuliko mikuki. Wanaotaka kuandika historia mwombeni awape muisome.

Wengine wanne waliomaliza tumewataja mkutanoni na makofi wamepata, skripti zao ziko kwenye foleni ya kusomwa upya.

Sasa la kuumiza. Mwenzetu mmoja alimsimulia prodyuza mmoja stori yake kwenye simu, akamtumia na voisi kama sita za maelezo, akaambiwa subiri. Miezi nane baadae akaiona kwenye skrini, kijiji kile kile, kisima kile kile, hata mbwa mwenye jicho moja yupo. Jina lake hakuna, hata senti hakuna. Tukakaa naye, tukatafuta ushauri, na ukweli tulioupata ni mchungu: sheria ya hakimiliki ya 1999 inalinda kazi uliyoitunga, wazo kama wazo halina mwenyewe, na bila maandishi au rekodi huna cha kuthibitishia. Zile voisi zingesaidia kidogo lakini simu ilishaibiwa zamani. Kesi ikafia hapo. Amekaa miezi mitatu haji vikaoni, nilimfuata kwake mara mbili, na leo nashukuru ni mmoja wa wale saba.

Ndo maana nakazania kumaliza, jamani. Stori iliyoko kichwani anaichukua yeyote. Skripti iliyoandikwa ina mwenyewe, na haki yake inaendelea maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, yaani wajukuu wako wanaweza kula kwa kile ulichoandika kwenye jiko la mkaa. Kwa hiyo tumekubaliana hivi: skripti ikiisha inaandikishwa COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, prodyuza anatumiwa muhtasari wa ukurasa mmoja tu, skripti nzima inatoka baada ya mkataba kusainiwa, na hakuna kusaini peke yako, njoo nao tuusome wote hata kama ni usiku. Na msiogope kwamba mtaonekana wasumbufu, prodyuza makini anaihitaji hiyo karatasi kuliko wewe, maana hata kibali cha kupiga filamu chini ya ile sheria ya filamu ya 1976 anatakiwa aonyeshe anachoenda kupiga, hawezi kwenda Bodi ya Filamu na stori ya mdomo.

Hela mhazini kawasomea na karatasi ziko kwake. Kubwa iliyotumaliza ni fotokopi. Tumeamua ada ibaki ile ile na tuchange mara moja tu kununua printa, hata ya mtumba.

Kuna mambo hatujafanya vizuri. Kina dada walipungua katikati ya mwaka na ilituchukua muda mrefu kuuliza kwa nini, kumbe ni saa. Kurudi nyumbani usiku kutoka Soweto sio jambo dogo. Tulipohamishia vikao Jumamosi saa nane mchana wakarudi, tungewauliza mwezi wa kwanza tusingewapoteza wawili ambao mpaka leo hawajarudi. Naomba wanaowajua wawafikishie salamu zangu, kiti kipo. Na wa Iringa na Njombe mmekuwa mnasafiri mno, zaidi ya kilomita 300 kutoka Iringa kuja kusoma kurasa 5 sio haki, kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu tutakutania Makambako, wote tukutane katikati.

Kikao cha kwanza ni Jumamosi ya pili ya Januari, saa nane, pale pale. Tunaanza na dada wa Kyela, anasema mwisho haujakaa, mume kaomba kulala ndani, ila mama hajajibu, anataka tumsaidie kusikia kama ajibu au asijibu. Mzee wa reli atasoma mume tena. Njooni na kurasa zenu, na atakayewahi awashe jiko.