Bima ya serikali ibaki, ila michango ikusanywe msimu wa korosho

Mhariri, salamu kutoka huku Newala. Wiki iliyopita msomaji mwenzangu aliandika kwenye ukurasa huu kwamba serikali iachane na bima ya afya, iyaachie makampuni binafsi yashindane, bei itashuka na huduma itakuwa nzuri. Ile barua nimeisoma mara mbili na kiukweli imeniuma, maana huyo ndugu anaongea kama mtu anayepokea mshahara kila mwisho wa mwezi, wakati sisi huku hela tunaiona mara moja kwa mwaka.

Nianze na nyumbani kwangu. Mimi na dada yangu wote tuna presha. Binti yake ni mwalimu wa shule ya msingi, anakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaongeza 3, na kwenye kadi yake ya NHIF, yaani mfuko wa taifa wa bima ya afya, kamwandikisha mama yake kama mtegemezi, basi dada anaenda kliniki, anachukua dawa, anarudi zake. Mwanangu mimi yuko Dar kwenye kampuni, wana bima nzuri tu ya binafsi ila inamhusu yeye, mkewe na watoto, wazazi hatumo. Akahangaika kunitafutia bima ya kujilipia, wakamuuliza mzee ana miaka mingapi, akasema 67, wakamwambia umri umepita halafu presha anayo tayari. Siwalaumu sana, wale wanafanya biashara na mfanyabiashara gani atamkimbilia mteja anayejua kabisa kila mwezi atamla hela? Lakini sasa mimi niende wapi?

Halafu hayo makampuni yatashindania nini Newala, hospitali zenyewe ukiacha za misheni kama Ndanda na Nyangao unabaki na za serikali tu, mpaka ile ya kanda pale Mtwara.

Mfuko wa pamoja nao una shida yake, watu wakiingia wakishaumwa ndo unayumba. Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto ya NHIF, ilikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, 2023 ikasimamishwa, na moja ya sababu tulizoambiwa ni wazazi kuwakatia bima watoto walio tayari wagonjwa. Ndo maana mimi naiunga mkono sheria ya bima ya afya kwa wote iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, kwamba kila mtu awemo, mzima amchangie mgonjwa na asiye na uwezo alipiwe.

Ila sasa hapa kwenye kulipa ndo nataka nisikilizwe. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii kwa sisi tusio na ajira, ilikuwa elfu 30 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, sio hela nyingi kwa kuitamka. Mimi nililipa mwezi wa nne, kwa hiyo mwaka uliofuata kadi ikaisha mwezi wa nne, na mwezi wa nne kwa mkulima wa korosho hela ya msimu imeshaisha kwenye ada na madeni, bado palizi inakusubiri. Nikasema nitalipa baadaye. Mwezi wa sita mke wangu akaumwa tumbo, ikabidi apasuliwe, nikaweka rehani mikorosho yangu kwa jirani na msimu ule mzima akaokota yeye, mimi nikawa naangalia. Wenzangu wengine wanaenda kwa watu wa kangomba, wale wanunuzi wa magendo, korosho bado ni maua mtu anachukua hela kwa bei ya kutupa ili mtoto atibiwe. Yaani elfu 30 iliyonishinda Aprili ilinimaliza mwaka mzima!

Korosho zetu zinapita AMCOS, yaani chama chetu cha ushirika, minada inaanza Oktoba, hela inaingia benki, sasa kwa nini mchango usichukuliwe hapo? Najua wakulima wakisikia makato wanachefukwa, hata mimi, tumeshakatwa sana bila kuelezwa. Kwa hiyo mkulima asaini mwenyewe kwamba amekubali, meseji iingie kwenye simu yake siku hiyohiyo ya malipo na kadi ianze kufanya kazi hapohapo, asiambiwe njoo wiki ijayo.

Na dawa ziwepo. Mwaka jana nimeenda zahanati, kadi ninayo mkononi, naambiwa dawa ya presha hamna nenda kanunue duka la nje, nikalipa hela yangu mfukoni. Hapo huyo msomaji ana hoja na simbishii, mtu aliyechanga halafu akakosa dawa mara mbili mara tatu hachangi tena, na huwezi kumlaumu.

Mhariri, naomba barua hii itoke kabla AMCOS yetu haijaitisha mkutano wa kuanza msimu, nataka niende na gazeti mkononi niwasomee wenzangu.

Mkulima wa korosho,
Newala, Mtwara