Rudini kitabuni: barua ya wazi kwa wanafunzi wa fasihi ya Kiingereza

Wanangu,

Nimefundisha na kusahihisha fasihi ya Kiingereza kwa miaka mingi, na kinachoniuma ni kuona mnavyopoteza alama kwenye maswali ya majibu mafupi. Mnayadharau kwa ufupi wake. Mnakariri majibu kutoka kwenye miongozo, na kitabu chenyewe hamkifungui. Swali likigeuzwa kidogo tu, mnakwama.

Chukueni Things Fall Apart, riwaya ya Chinua Achebe iliyotoka mwaka 1958, inayomhusu Okonkwo na Ikemefuna, kijana anayelelewa nyumbani kwake. Swali linauliza: kwa nini Okonkwo alishiriki kumuua Ikemefuna? Aliyekariri ataandika kwamba Okonkwo ni shujaa wa tanzia, yaani wa kisa kinachoishia kwa maafa, mwenye dosari, kisha ataongeza habari za mieleka na za wamisionari. Yote hayo yamo kitabuni, lakini hakuna aliyemuuliza. Aliyeisoma sura ya saba anajua kwamba mzee Ezeudu alikuja kumwonya Okonkwo asitie mkono wake katika kifo cha kijana aliyekuwa akimwita baba. Anajua pia kwamba mtu mwingine ndiye aliyepiga kwanza, kwamba Ikemefuna alimkimbilia Okonkwo ili amwokoe, na kwamba Okonkwo alichomoa panga kwa kuogopa kuonekana dhaifu. Huyo atajibu kwa sentensi mbili: Okonkwo alimpiga panga kwa sababu aliogopa kuonekana dhaifu; hofu hiyo ilimshinda hata akapuuza onyo la Ezeudu. Kama swali lina alama tatu, ataongeza kwamba hofu hiyo ilitokana na kuchukia kufanana na baba yake, Unoka, aliyekufa na madeni, bila cheo chochote.

Basi tazameni alama zilizowekwa kando ya swali kabla hamjaandika neno. Alama mbili kwa kawaida zinadai hoja mbili, au hoja moja na ushahidi wake. Kurasa mbili hazitawaongezea kitu, na muda wa insha utakuwa umekwenda.

Angalieni vilevile swali linataka nini hasa. Katika The Merchant of Venice, tamthilia ya Shakespeare, Antonio amekopa fedha kwa Shylock kwa mkataba kwamba asipolipa atakatwa nyama ya mwili wake. Mnaweza kuulizwa Portia anamwokoa Antonio kwa njia gani. Wengi hujibu kwamba Portia ana akili na huruma. Hizo ni sifa zake, na swali limeuliza njia. Mkataba unamruhusu Shylock kukata ratili moja ya nyama, lakini hautaji damu. Portia anamwambia akate ratili kamili, isizidi wala isipungue, bila kumwaga hata tone. Hilo ndilo jibu.

Mkipewa dondoo, semeni nani anazungumza, anamwambia nani, wapi, na kuna nini wakati huo. Maneno ya Portia kuhusu huruma anamwambia Shylock mahakamani, akiwa amevaa kiume kama mwanasheria, na hata Bassanio, mumewe, hamtambui. Wengi wenu huacha hilo la mavazi, nami nalihesabu kuwa kubwa, maana bila kujifanya mwanamume asingepata nafasi ya kusema lolote pale.

Kwenye shairi, msiseme mshairi ndiye anayelia au kupenda. Semeni msemaji wa shairi, isipokuwa shairi lenyewe limeonyesha vingine. Na mkisimulia matukio kwa Kiingereza, shikeni wakati uliopo tangu mwanzo hadi mwisho wa jibu.

Miongozo sikatazi. Ifungueni baada ya kusoma, mpime mlichokiona wenyewe.

Wiki hii kaeni wawili wawili na sura hiyo ya saba. Kila mmoja atunge maswali matatu yanayojibika kwa sentensi mbili, mbadilishane, mjibu vitabu vikiwa vimefungwa. Kisha vifungueni, na kila aliyejibu amwonyeshe mwenzake kwa kidole mstari alikolitoa jibu lake. Asipouona, aisome sura upya.

Mwalimu wenu mzee