OSPF na RIP zikikutana: kwa nini pakiti zinazunguka bila kufika

Wateja wengi hututafuta baada ya kuunganisha mitandao miwili iliyokua kila mmoja kivyake. Upande mmoja swichi zinatumia OSPF, itifaki (kanuni) ambayo vifaa huitumia kuambiana njia za kufika kila mtandao. Upande wa pili kuna vifaa vya zamani visivyojua zaidi ya RIP, itifaki nyingine ya kazi hiyohiyo inayopima umbali kwa hopi, yaani idadi ya vifaa vya kupitia. Fundi anaruhusu njia zihamishwe kutoka itifaki moja kwenda nyingine, mambo yanaonekana shwari, kisha kebo moja inakatika na mtandao unaanza kuyumba.

Mara nyingi tatizo liko mpakani. Ili kuwe na njia ya akiba, swichi mbili, tuziite A na B, zimewekwa pale na zote zinahamisha njia pande zote mbili. A inajifunza mtandao wa 10.20.0.0/16 kupitia RIP na kuutangaza kwenye OSPF. B inausikia mara mbili: kwa RIP na kwa OSPF. Kwenye vifaa vya Cisco, RIP ina kiwango cha kuaminika cha 120 na OSPF 110, na namba ndogo ndiyo inayoshinda. Basi B inaiacha njia yake ya RIP na kupitia A. Kibaya zaidi, inaichukua njia hiyo ya OSPF na kuirudisha RIP kwa metriki (umbali unaotangazwa) ya 1. Ruta (kifaa kinachoelekeza pakiti) iliyokuwa hopi 3 kutoka mtandao halisi sasa inaamini B iko karibu zaidi. Pakiti inakwenda B, B inaipa A, na kama A nayo hupitia ruta hiyohiyo, inarudi ilikotoka. Itazunguka hivyo hadi TTL, yaani idadi ya hopi ambazo pakiti inaruhusiwa, iishe. Ukiendesha traceroute, amri inayoonyesha kila kifaa ambacho pakiti inapitia, utaona anwani zilezile zikijirudia.

Dawa yake ni kuzitia njia alama. Kila njia inayoingia OSPF kutoka RIP tunaipa alama, tuseme 120, na A na B zote zinaagizwa kutorudisha RIP njia yoyote yenye alama hiyo. Hilo linazuia mzunguko, lakini B bado itapitia A bila sababu badala ya njia yake ya RIP. Kwa hiyo tunapandisha pia kiwango cha kuaminika cha njia za nje za OSPF (zilizoingizwa kutoka itifaki nyingine) hadi 130, ili RIP ishinde pale inapostahili. Hatua hii ya pili husahaulika sana, na sisi hatuiruki.

Metriki nayo iandikwe waziwazi. Kwenye Cisco, njia ya OSPF ikiingizwa RIP bila metriki huhesabiwa haifikiki, wala jirani haioni.

Tukija kwako tutaomba kwanza nakala ya usanidi wa swichi zote za mpakani. Kazi yenyewe tunaifanya nje ya saa za kazi, na kabla ya kukabidhi tunachomoa kebo ya A, kisha ya B, huku wewe ukiangalia.